Dawa ya Nyanya na Posa ya Angelina

Jumatatu, 5 Mei

Kunawasha. Siandiki wapi, mama anaweza kulifungua daftari hili. Niseme tu ni kule ambako mwanamume hajikuni mbele za watu. Mapajani juu, na kuendelea. Wekundu wenye ukingo. Wiki ya tatu sasa!

Na Jumapili ni posa. Kwa mjomba wa Angelina, Mzee Kasimiri, mposaji hukaa mkekani saa nzima, mikono magotini, kimya. Mshenga ndiye anayesema. Mzee anamtazama kijana tu. Mwaka juzi alimkataa mmoja kwa kupiga chafya. Na sisi Waluguru mjomba akisema hapana, hata baba mzazi anafunga mdomo. Mimi bila Angelina sijiwezi. Mengine humu natia chumvi, hilo hapana.

Zahanati? Thubutu! Nesi pale ni Hosiana, mama mdogo wa Angelina.

Jumanne, 6 Mei

Akili ni mali. Nimekwenda zahanati, nikatoa shikamoo, nikasema nimetumwa na Benedikto, jirani yangu shambani. Anawashwa huko chini, anaona aibu. Benedikto naye anamtaka Angelina. Anampelekea karoti zilizooshwa. Nani anaosha karoti?

Nesi hakucheka. Akasema huenda ni fangasi, wanapenda joto na unyevu. Masika haya mtu anashinda na suruali mbichi, chupi haikauki, taulo moja nyumba nzima. Lakini inaweza kuwa upele, au chawa, au sabuni kali, au ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo lazima amwone mwenyewe. Hatoi dawa kwa mgonjwa wa kusimuliwa. Aje, mficha uchi hazai. Nimesema nitamfikishia. Nimetoka natembea kama bata.

Jumatano, 7 Mei

Balaa! Nesi amemwita Benedikto. Na Benedikto kweli anawashwa! Amekuja kunishukuru, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauliza nilijuaje. Nimesema jirani ni jirani.

Kapewa krimu. Apake asubuhi na jioni, ajikaushe vizuri, avae chupi za pamba, asiache dawa hata kuwasha kukikoma mpaka akaguliwe. Nimeomba nionje kidogo. Akasema nesi amekataza kuazimana. Mchoyo mkubwa!

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata! Fangasi si ndio ukungu? Nyanya zangu ziliingia ukungu mwezi wa tatu, nikapuliza ule unga wa bluu, zikapona. Kipimo ni vijiko viwili kwa bomba zima. Mimi si nyanya, nimeweka vinne. Karatasi inasema usivune kabla ya siku saba. Hainihusu, mimi sivunwi.

Nimejifungia chooni, bomba mgongoni, mpira nimeuelekeza panapohusika. Nikapampu.

Mama yangu weee!

Mama akauliza kwa nje kuna nini. Nimesema nafanya mazoezi ya kwaya. Akasema leo nimepanda mpaka sauti ya kwanza.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekuwa bluu. Kuwasha kumepungua, sasa ni kuungua. Nahesabu hayo ni maendeleo.

Jumapili, 11 Mei

Aibu gani hii, Mungu wangu.

Nilivaa suruali nyeupe. Dakika kumi za mwanzo, safi kabisa. Mzee Kasimiri alikuwa ananitazama kwa upole. Kisha jasho likaanza. Kwenye mkeka mpya wa Mzee likatokea duara la bluu, likawa linakua. Mzee akamnong'oneza mshenga. Mshenga akaniuliza kwa heshima zote kama nimekalia kalamu. Nikaitikia kwa kichwa.

Halafu nikajikuna. Si kidogo! Mikono yote miwili, macho nimefumba, na nikaguna kwa raha. Nilipofumbua macho watu wote walikuwa wamenikodolea. Angelina alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Yote mawili yaliniuma.

Nesi Hosiana akanivuta nyuma ya nyumba. Nikakiri kila kitu. Akaniuliza kama kichwani nina akili au nina mbolea, akarudi ndani kuzungumza na kaka yake.

Mzee hajakataa! Amesema kuwashwa si kosa. Nitibiwe, nikakaguliwe tarehe 26, yeye na Angelina watakuwa wanasubiri majibu palepale zahanati. Nikipona, posa inaendelea. Nikipuuza dawa, basi. Asiyeweza kutunza mwili wake hapewi mtoto wa watu amtunze.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata krimu. Nesi amesema nisiache mapema, akarudia mara tatu. Nimeapa kwa jina la marehemu babu.

Alhamisi, 15 Mei

Kumekoma! Nimepona, nimeacha. Hawa manesi wanapenda kutisha watu. Krimu iliyobaki nimepaka kwenye bawaba za mlango, ulikuwa unalia sana.

Jumamosi, 24 Mei

Kumerudi. Kumekuja na jamaa zake.

Ukaguzi ni keshokutwa. Lakini sikulala bure, nina mpango. Nesi anakagua huko, hakagui uso. Benedikto amepona, ngozi laini kama ya mtoto. Avae koti langu la mvua, ajifunike na kofia, aingie kwa jina langu. Mimi nitasubiri nyumbani.

Nilidhani atakataa. Amekubali hata sijamaliza kusema! Akauliza tu kama ni kweli Mzee Kasimiri atakuwepo na Angelina. Nikamhakikishia. Akaomba nimwazime na suruali nyeupe, mama ameshaitoa bluu, pamoja na mshenga wangu amsindikize, ili jambo lionekane la kweli.

Nimempa vyote. Huyu mtu nilimdhania vibaya miaka yote hii. Jumatatu jioni nitakuwa mchumba halali, nami nimeshamwambia Benedikto atakuwa msimamizi wangu wa ndoa. Amesema tutaona.