Mtihani kwenye Veranda ya Mama Shedrack

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mtihani wa Mitandao ya Kompyuta ni Jumamosi saa nne asubuhi. Kamera imewashwa, msimamizi anakutazama, wewe peke yako. Mtandao ukikatika, mtihani umefutwa. Ukifutwa, unarudia mwaka. Mimi sirudii mwaka. Nina miaka ishirini na tisa, mchana nauza taa dukani Moshi mjini, jioni nasoma shahada kwa intaneti. Mwaka wa ziada nitautoa wapi?

Akili ninayo. Mtandao sina. Nyumba yetu hapa Mwika iko bondeni, migomba juu, migomba chini, na kila somo picha ya mwalimu huganda mdomo wazi. Mtandao wa kitongoji kizima umeamua kukaa kwenye veranda ya Mama Shedrack, ng'ambo ya mfereji. Na mwanawe Shedrack anasoma shahada hiyohiyo. Zoezi lililopita alinizidi. Si akili. Ni veranda.

Mama anasema niende tu nikaombe. Niombe! Kundi zima la darasa linajua nina intaneti ya kasi. Niliwaambia mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua waya wa antena palepale dukani. Bosi wangu, Bhavna, akauliza kama nataka kuongea na ndege za uwanja wa KIA. Nikamjibu kwamba ni sayansi. Akanipunguzia bei, kwa sharti nisimwambie mtu kuwa vifaa vimetoka kwake.

Jioni nimefunga mfuniko wa sufuria kubwa la Mama kwenye mti mrefu, nikausimamisha kando ya mfereji. Mtandao umepanda. Kidogo, lakini umepanda. Nimesimama chini yake nikiutazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyojenga. Nikaandika kwenye kundi kwamba nimejenga mnara wangu. Shedrack akajibu kwa dole gumba. Moja tu. Bila neno.

Jumatano, 11 Juni

Upepo usiku. Mnara umeanguka ng'ambo. Umelala juu ya mgomba wa Mama Shedrack, ule wenye mkungu aliokuwa anautunza kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Mgomba umekatika katikati.

Mama Shedrack alisimama pale na mfuniko mkononi. Hakuniita mimi. Alimwita Mama. "Mwambie huyo msomi wako," alisema, "ujumbe wake nimeupokea." Kisha akaongeza kwamba mguu wangu usivuke mfereji tena.

Nimelichambua jambo hili kwa makini. Kosa ni la upepo. Lakini veranda sasa ndiyo imefungwa kabisa, na Jumamosi inakuja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata ufumbuzi. Isale! Mchagga yeyote anajua: mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo anaomba radhi, na humkatalii. Hata kama kakuchomea banda. Darasani tunaita itifaki: ujumbe una umbo maalumu, na anayeupokea hana budi kujibu. Babu zetu walibuni hilo bila shahada. Wa kwanza kuligundua ni mimi.

Mama amesema isale si ufunguo wa mlango wa mtu. Unalipeleka huku moyoni umejuta. Nikamwambia kujuta nitajuta njiani.

Mama Shedrack alilitazama lile jani. Akalipokea. Akauliza lini. Nikasema Jumamosi, saa nne, hapa kwenye veranda. Akashangaa kidogo, kisha uso ukamlainika, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanipa na jani lingine kutoka uani kwake, nikalitie fundo niwe nalo siku hiyo. Sikutaja mtihani. Shedrack angejua sina mtandao. Imekuwa rahisi mno, karibu nione aibu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika mapema. Meza ipo, kiti kipo, mtandao umejaa. Nikawasha kamera. Msimamizi ni Mwalimu Vedastus mwenyewe, anayetufundisha somo. Akaniuliza kama niko peke yangu. Nikasema kabisa.

Ndipo wakaanza kuingia. Meku Filemon, mzee wa ukoo, na fimbo yake. Mashangazi. Mama yangu, kavaa kitenge cha sherehe. Mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, nyuma yao. Nilipeleka isale, nikataja siku, saa na mahali. Kwa Mama Shedrack hiyo ilikuwa na maana moja: nimeitisha kikao cha kupatana. Pande zote mbili zimekuja kukaa.

Na wote walikuwa wananong'ona, kwa sababu Shedrack yuko chumbani anafanya mtihani, asisumbuliwe.

Mwalimu Vedastus aliona watu kumi nyuma yangu wakininong'onea. Alisema mtihani wa maandishi ameshausimamisha na anajaza taarifa ya kunifuta. Nilieleza. Mwaka mzima ulikuwa unaondoka mbele ya macho yangu. Mkono wangu ukachukua lile jani la pili, nililokuwa nimeliweka mezani, ukaliinua mbele ya kamera. Sikuupangia hilo.

Uso wa Mwalimu ukaganda kwenye kioo. Nikadhani mtandao umekatika.

"Hilo isale?" akauliza.

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Nani amekuambia mimi ni Mchagga wa Rombo?"

Nikasema hakuna. Na ni kweli. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema utaratibu unamruhusu kumtahini kwa mdomo mtu aliyepata usumbufu. Nigeuze kamera awaone wote, na yeyote akifungua mdomo kunisaidia, basi nimefutwa.

Akaniuliza ujumbe unasafirije kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Nikajibu. Nikaeleza unavyokatwa vipande, kila kipande na anwani yake na njia yake, vikakutane mwishoni. Nilieleza vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni hivyo. Mashangazi waliacha kunywa.

Meku Filemon akanyoosha fimbo, akataka kujua kipande kikipotea njiani inakuwaje. Nikajua nimekwisha. Mwalimu akasema, "Mjibu mzee."

"Anayepokea anakiomba tena, Meku. Na anayetuma anatuma tena, mpaka kifike."

"Hakasiriki?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Shedrack.

"Hakasiriki, mama."

"Basi ana moyo kuliko mimi."

Wakacheka wote, na Mwalimu pia. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mama, na yale majuto niliyoahidi kuyapata njiani yakafika, yamechelewa. Nikamwambia samahani kwa mgomba. Akasema kaa, bado unahojiwa.

Ijumaa, 27 Juni

Matokeo. Nimefaulu! B+. Na Mwalimu ameandika chini: maelezo yako wazi kuliko kitabu. Mama atawasomea watu wote Jumapili baada ya ibada, leo anajizoeza tu jikoni.

Shedrack ana A. Chumbani, kimya, mlango umefungwa, hata mimi ningepata A. Alikuja mwenyewe kunipongeza. Akasema mama yake ametoa veranda kwangu mpaka nihitimu, siku yoyote, nibishe hodi tu. Nikashukuru. Nilikuwa mpole sana, nilijivunia upole wangu.

Lakini nimefikiri. Kila siku kubisha hodi kwa Shedrack? Kila siku dole gumba lile, sasa uso kwa uso? Mtu mwenye B+ na maelezo yanayoshinda kitabu hapaswi kuishi hivyo. Nimegundua ofisi ya usharika ina intaneti ya waya, na ufunguo wake hukaa kwa wanakwaya siku za mazoezi.

Nimejiandikisha kwaya leo jioni. Sijawahi kuimba. Nimewaambia mimi ni alto.