Jogoo Asiyewika wa Mwalimu Nébor

Jumatatu, 5 Mei 2014. Capesterre.

Habari njema, nami nimeipokea kwa utulivu unaostahili. Mpwa wangu Maryvonne ni daktari anayewachunguza watoto wa kisiwa chetu cha Guadeloupe kwa ajili ya klordekoni, ile dawa ya fukusi iliyomwagwa kwenye migomba yetu kwa miongo miwili na ambayo udongo haujaisahau. Leo ametangaza kwamba mtaa wetu utatoa mtu mmoja wa kuketi katika jopo la utafiti. Uchaguzi ni Jumamosi, ukumbi wa shule. Mteule atavaa beji. Beji yenye jina!

Nilifundisha biolojia miaka thelathini na minne. Mshindani ni mmoja tu: jirani yangu Gontran Zamor, zamani msimamizi wa shamba la migomba, sasa mfugaji wa majogoo wa kupigana. Anadai kwamba yeye ameinusa sumu hiyo, ilhali mimi nimeisoma tu. Nilimjibu kwamba pua si ushahidi.

Mke wangu Eudoxie aliuliza kama nitakwenda kununua samaki au nitaendelea kutabasamu mlangoni.

Jumanne, 6 Mei.

Mpango umekamilika. Hoja ni hii. Klordekoni huigiza homoni ya kike. Kuku jike akipekua udongo wenye sumu, sumu huingia yaini. Kifaranga huipokea kabla hajaanguliwa, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dume anaweza basi kukua akiwa na mwenendo usio wa dume. Ninahitaji jogoo mmoja wa namna hiyo, jedwali moja la takwimu, na dakika kumi mbele ya mkutano.

Ajabu ni kwamba Gontran anaye! Kusikia tu haja yangu, alimleta mwenyewe. Ameanguliwa na kuku aliyezurura chini ya migomba mikuukuu kando ya kijito. Tena ameshatayarishwa kwa ajili ya uwanja wa mapambano, kama ilivyo desturi yetu: undu, kile kishungi chekundu cha kichwani, umekatwa, ndevu za nyama zimekatwa, mapaja yamenyolewa. Gontran akaniambia, "Hili ni dume la haja, mwalimu. Ila lina haya kidogo."

Haya! Dalili yenyewe! Nilimpa kwa kubadilishana kipimahewa cha marehemu baba yangu. Aliondoka nacho haraka, mabega yakimtikisika. Nadhani ana pumu.

Ndege nimemwita Jenerali.

Jumatano, 7 Mei.

Uchunguzi kila robo saa. Kuwika: sifuri. Kuoga vumbi: mara sita. Kuwaita vifaranga wa watu kwa sauti ya upole: mara tisa. Katika maisha yangu sijapata kuona takwimu safi kiasi hiki.

Alasiri, bahati ikanipa kipimo cha kulinganishia. Jogoo wa Gontran aitwaye Radi, aliyelelewa katika kizimba cha kuning'inia, mbali na udongo, akilishwa mahindi na kukandwa kwa ramu, aliruka ua. Nilitarajia damu. Jenerali alichutama. Kilichofuata adabu inanizuia kukieleza. Katika jedwali nimeandika "unyenyekevu, daraja la juu kabisa". Gontran, upande wa pili wa ua, alicheka mpaka akashikilia nguzo. Maskini, hajui kwamba anachekelea kushindwa kwake.

Eudoxie alimtazama ndege kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Baba Odile, huyu kuku wako..." Nilimsihi asiingilie jaribio. Alirudi kwenye makaratasi yake. Wiki ya tatu hii anazunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza akina mama walikula nini walipokuwa waja wazito, viazi vikuu vya bustani ya nani, kamba wa mto gani. Umbea, kwa neno moja.

Alhamisi, 8 Mei.

Maryvonne alikuja kula shelisheli. Sikumtajia Jenerali, niliuliza kwa ujumla tu. Alieleza kwamba walipima damu ya kitovu watoto walipozaliwa. Sasa wana miaka saba, wanaingizwa mmoja mmoja katika chumba chenye malori, wanasesere, mipira na sufuria ndogo, na mtu huandika wanachokichezea. Wanatazama mamia ya watoto. Tofauti ikiwapo ni ndogo, nayo huonekana katika wastani tu. Na mvulana anayembembeleza mwanasesere, akasisitiza, si mgonjwa. Huenda anajifunza kuwa baba.

"Mtoto mmoja hathibitishi kitu, mjomba," akamalizia. "Sembuse kuku mmoja."

Amejuaje habari za kuku? Nyumba hii ina msaliti.

Ijumaa, 9 Mei.

Kikwazo. Jenerali amegoma kula. Anatembea huku na huku, anachungulia kila kona, ameingia kabatini. Hatimaye alichagua kofia yangu nyeusi, ile ya mazishi, akaketi ndani yake na macho ya mtu anayekumbuka mbali. Utambuzi wangu: hamu ya kuatamia, katika mwili wa dume! Nakiri kwamba moyo uliniyeyuka. Nimemwachia kofia. Nitawabeba wote wawili, ndege na kofia.

Eudoxie alisema kwamba kwao, kuku akifanya hivyo, mama yake alikuwa akimtandikia nyasi. Nilimkumbusha kwamba mama yake alifuga mitetea, si majogoo. Akauma ncha ya aproni yake na kuingia jikoni.

Jumamosi, 10 Mei.

Nitaandika mambo kama yalivyotukia.

Watu sitini. Gontran alikaa mstari wa mbele pamoja na wenzake wote wa uwanja wa majogoo, jambo nililolichukulia kuwa ni heshima. Nilibandika jedwali ukutani. Nikaweka kofia mezani, Jenerali akiwa ndani, na kuwaomba wakazi wamtazame dume aliyeporwa udume wake kabla hajatoka yaini.

Jenerali akasimama. Akatetea, kwa sauti kubwa, kwa kirefu, kwa fahari.

Ndani ya kofia palikuwa na yai. Lilikuwa bado moto.

Wenzake Gontran waliangukiana. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Hongera, mwalimu! Mama na mtoto hawajambo?" Padri alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Gontran alijipangusa machozi, akasimama, akasema kwamba sasa beji imepata mwenyewe, naye ni yeye.

Maryvonne hakucheka, au alicheka kidogo sana. Alimwuliza Gontran ni akina mama wangapi aliozungumza nao. Hakuna. Kisha akafungua daftari la bluu: akina mama arobaini na mmoja, kila mmoja alikula nini, kutoka bustani ipi, katika mwezi gani wa mimba. Hicho, alisema, ndicho watafiti walichokosa kwa miaka saba. Akalipitisha kwa watu. Mwandiko naufahamu, ndio huniandikia orodha ya sokoni.

Eudoxie alichaguliwa kwa mikono yote. Wa Gontran uliinuka. Wangu uliinuka mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeshika yai.

Jumapili, 11 Mei.

Eudoxie ameivaa beji kanisani. Yai hatukulikaanga, mjumbe wa jopo ameamuru liende maabara kupimwa.

Nimetafakari kwa utulivu. Dhana ni mbili. Ya kwanza, kwamba Jenerali ni mtetea. Ya pili, kwamba jogoo akivurugwa vya kutosha anaweza kutaga. Ya kwanza inapendwa na kila mtu, lakini kupendwa si uthibitisho. Hata hivyo, Maryvonne yuko sahihi katika jambo moja: kuku mmoja hatoshi. Sayansi inataka idadi.

Baada ya misa nilikwenda kwa Gontran. Alinipokea kwa adabu isiyo ya kawaida. Anao wengine kumi na mmoja, wote wamekatwa undu, wote wana haya. Atachukua saa ya ukutani na kiti changu cha kubembea. Ameapa kwa kaburi la mama yake kwamba wote ni majogoo. Nilimtaka aandike na kutia sahihi, kwa maana mimi si mtu wa kudanganywa.

Kilichosalia ni kutafuta kofia kumi na moja.