Ubao Usiotaka Kupatana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Uyole haina adabu. Mwanangu Goodness anaota jino, mimi sijalala. Hata hivyo nina mpango! Mzee Kalinga, mwenyekiti wa soko, katangaza: Jumamosi kizimba cha kona anapewa mwenye meza imara. Eveline wa viazi anakitaka. Meza yake ina mguu katikati, kama ng'ombe mgonjwa kaegemezwa gongo. Yangu haitakuwa nao, maana hapo chini litakaa boksi la kumlaza mwanangu. Ubao mmoja mrefu, rundo la matofali kila ncha, ndoo kumi za maparachichi juu. Eveline atazimia.

Jumanne, 10 Juni

Mpangaji wetu Gerson anasomea uhandisi. Nimemnyima chai mpaka akakubali kuupigia hesabu ubao wangu. Anasema ukipinda sana hauna jibu la moja kwa moja, mzigo mara mbili si kupinda mara mbili. Basi anakisia! Anakisia ubao umeinama kiasi gani kwenye tofali la kushoto, anaufuata kwa hesabu hadi kulia, anaangalia kama umetua juu ya tofali la pili. Haujatua? Anarekebisha, anaanza upya. Mara ya kwanza, kwenye karatasi yake, ulipaa hewani. Miaka minne chuoni, kukisia! Hata mimi naweza.

Jumatano, 11 Juni

Gerson kaja: katikati utabonyea vidole vitano. Baadaye saba. Kisha saba na nusu. Anapandisha bei mbele ya mtoto wa sokoni! Nikamwambia aanzie kimoja, tukutane viwili. Akaanzia kimoja. Akarudi na vinane. Ati dada, popote nianzie nafika palepale, hapa hatupatani. Nikamwongezea sukari. Vinane. Huyu kijana hajui biashara kabisa.

Jumamosi, 14 Juni

Ndoo kumi mezani. Mzee Kalinga akafika, akasifu. Ubao ukaanza kuinama taratibu, kama shemasi anayetubu. Maparachichi yakaserereka katikati kufanya kikao. Ncha zikavutwa ndani, ya kulia ikachomoka kwenye tofali. Kishindo! Boksi likawa chapati.

Goodness alikuwa mgongoni mwangu. Tangu alfajiri alikataa boksi, akalia mpaka nikambeba. Nilimshusha, nikamkumbatia.

Eveline aliokota maparachichi yangu yote. Akaniambia, Mama Goodness, acha ubishi, lete mtoto. Akamlaza chini ya meza yake, kando ya ule mguu. Kalala saa tatu nzima. Msaliti! Kona kapewa Eveline.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimetubu. Nusu. Gerson kapima alama ambayo ubao uliikwaruza kwenye ukuta wa soko kabla ya kuchomoka: vidole vinane. Anacheka peke yake kama kapata mtoto wa kiume. Goodness atalala kwa Eveline, hilo halina mjadala, mtoto si wa kujaribia.

Ila ubao umebaki umepinda. Dawa nimeiona: naugeuza! Nundu ikitazama juu, mzigo utainyoosha. Gerson anasema ubao umeshachoka, utabonyea vidole tisa. Nimempa vitatu.

Kesho tutakutana vinne.