Maneno Madogo ya Kiingereza Yaliyotaka Kuninyima Mke

Katuba, Élisabethville
18 Septemba 1954

Kwa Bwana Mhariri mheshimiwa,

Naomba nafasi katika gazeti lako, hata pale chini karibu na matangazo ya baiskeli. Sijazoea kulalamika. Mimi ni karani wa mizani katika magazini ya unga, na huu mwaka wa tisa napima magunia bila kumgombeza mtu. Lakini jambo lililonipata nikilinyamazia, kesho litampata mwingine, na huenda yeye asipate mke kabisa.

Nilimchumbia Germaine hapa hapa Katuba, baba yake alipokuwa msimamizi wa mafundi wa reli. Baba alipofariki, mama alirudi Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa kaka yake, Mzee Kasonde, akaenda na binti yake. Kwa desturi yao, neno la mjomba ndilo neno. Basi nikamwandikia mjomba kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, nikaomba rasmi. Akanijibu kwa Kiingereza. Mzee Kasonde ni karani wa Waingereza, na kwake yeye jambo zito lisiloandikwa kwa Kiingereza ni porojo tu.

Hapo sina budi kukiri kosa langu. Nilikuwa nimewatangazia majirani wote kwamba Kiingereza ninakijua. Kwa hiyo sikuweza kumwomba mtu anisomee. Nilijifungia na diksionere yangu ndogo ya Kifaransa na Kiingereza, nikatafuta neno moja moja. Mashitaka yangu ni haya.

1. Mjomba aliandika kwamba kulikuwa na fundi cherehani aliyemtaka Germaine, na kwamba ukoo ulikuwa umemfanya "turn down". Diksionere inasema "turn" ni kugeuza na "down" ni chini. Nikaelewa kwamba wamemgeuza fundi yule kichwa chini, miguu juu. Nilijiuliza, kama mtu mwenye cherehani yake anafanyiwa hivyo, karani mwembamba kama mimi atafanyiwa nini?

2. Mstari uliofuata ulikuwa na jibu. Ulisema kwamba nikifika Ndola, wao watanifanya "put up". "Put" ni kuweka, "up" ni juu. Wataniweka juu. Juu ya nini, hawakusema. Niliwaza paa, niliwaza mti, niliwaza mnara wa maji. Safari nikaiahirisha.

3. Hili liliniumiza kuliko yote. Barua ilisema Germaine yuko "looking forward". Nikatafuta mara tatu, na mara tatu nikapata jambo lile lile: anatazama mbele. Bwana Mhariri, mimi niko Élisabethville, nyuma yake. Mwanamke anayetazama mbele amempa mgongo aliyeko nyuma. Siku ile sikula, na magazini nilipima gunia moja mara mbili.

Nilinyamaza wiki sita. Ndipo ikaja barua ya pili, fupi, isiyo na salamu.

4. Ilisema kwamba kama Jumapili ile sitafanya "turn up", wao watafanya "call off" arusi. "Turn" nilikwisha kuijua, ni ule mchezo wao wa kugeuza watu, safari hii kuelekea juu. Sikutaka kugeuzwa kuelekea popote. Lakini "call off" ilinifurahisha. "Call" ni kuita, "off" ni mbali. Nikaelewa kwamba, kwa huruma yao, kama sitaki kugeuzwa, arusi itaitwa mbali, yaani itatoka Ndola na kuja huku kwangu.

Nikafanya kama mtu mwungwana anavyopaswa kufanya. Niliazima viti ishirini na viwili vya parokia. Dada yangu Brigitte alipika tangu alfajiri. Jumapili nilikaa mlangoni na koti langu jeusi, nikiingojea arusi. Majirani walikuja, wakakaa, wakala. Jioni walirudisha viti wenyewe bila kunitazama usoni.

Jumanne Germaine alishuka kwenye gari la moshi peke yake, na sanduku dogo na vumbi la njia nzima ya Sakania. Mama yake ndiye aliyemruhusu, kwa siri. Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba akaniambia: “Donat, miye niko hapa. Uniambie kwa kinywa yako: unanitaka, ao haunitake?”

Nikampa barua zote mbili, pamoja na karatasi zangu za tafsiri. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Huko Ndola alikuwa amefanya kazi kwa masista wa Kiingereza, akakizoea. Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Fundi cherehani walimkataa tu. Mimi wangenipa kitanda na chakula. Jumapili nilitakiwa kufika, basi. Na arusi haikuitwa popote, ilikuwa imevunjwa.

Nikamwuliza juu ya lile la kutazama mbele.

“Ni kusema nilikungojea na roho yote,” akasema. “Miye nilikuwa nahesabu siku, na weye unaandika asema nimekupa mugongo.”

Hapo akalia, nami nikaona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Tulipopata karatasi za njia tukapanda gari kwenda Ndola, pamoja na Brigitte, ili watu wasiseme. Mzee Kasonde aliniacha nimesimama mlangoni muda mrefu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hasira kweli, alisahau Kiingereza akanigombeza kwa Kibemba, ambacho nakijua tangu utoto. Bwana Mhariri, nilielewa kila neno! Nilimpigia mama yake Germaine magoti, nikaomba msamaha. Kabla chai haijapoa mambo yalikuwa yamekwisha. Arusi tulifunga mwezi wa nane. Suti yangu ilishonwa na fundi yule yule. Nilipomwona nilimtazama miguu kwanza. Mkono mmoja wa koti ni mfupi, wala sikumlalamikia.

Kwa sababu hizo naomba gazeti lako liwafikishie wenye Kiingereza maombi haya:

Kwanza, kitenzi kilichokwisha kuoana na neno dogo kiandikwe pamoja nalo, kwa kamba au kwa wino mwekundu, ili mgeni ajue kwamba hapa kuna mume na mke na asiwatenganishe.

Pili, pale mpakani Mokambo msafiri anafunguliwa sanduku, kuku wake wanahesabiwa. Barua nayo ifunguliwe. Ikionekana ina "up" au "off", izuiliwe mpaka mwenyewe aeleze maana yake mbele ya askari.

Tatu, kama hayo ni magumu, basi maneno hayo yakatazwe kabisa katika mambo ya ndoa, ugonjwa na matanga. Kwa mpira na mvua wayatumie watakavyo.

Nakushukuru kwa subira yako. Uwasalimu wapanga herufi, anayekuletea kahawa, watu wa nyumbani kwako, na msomaji yeyote anayengoja jibu la posa. Nabaki mtumishi wako mwenye mke,

Donat Mwape
Karani wa mizani

Nyongeza: Jumamosi huwa namfundisha Kiswahili Mwingereza mmoja, fundi wa mashine. Leo amefika na malalamiko. Alimwambia mpishi wake, “Unipike saa sita,” na mpishi akachukua kofia yake akaondoka, kwa maana hawezi kumpika mzungu. Nilimweleza kwamba alipaswa kusema “unipikie”. Akaniuliza ni haki gani herufi moja ndogo imtoe mtu chunguni. Nilimjibu kwa ukali kwamba lugha iliyokomaa haiwezi kupunguzwa kwa ajili ya wanafunzi wavivu, ajifunze kwa moyo na aache kulalamika. Germaine alisikia yote kutoka jikoni. Ameniomba niisome barua hii tena kabla ya kuituma. Nimeisoma. Naituma hivyo hivyo, kwa sababu tembre ya posta nimekwisha kuibandika.