Korse ya Shangazi Germaine

Jumatatu, 2 Juni
Habari kubwa! Mzee Nkandu, mlinzi wa depo yetu ya saruji hapa Ruashi, anastaafu Ijumaa. Anaacha kiti cha mlangoni! Miaka kumi na mmoja napakia mifuko kwenye malori ya Kipushi, kukaa sijakujua. Sylvain, mpakiaji mwenzangu, naye anakitaka. Sylvain, mwenye nguvu za ng'ombe! Nimeamua: ili kiti nipewe mimi, kuanzia kesho mgongo wangu ni mbovu.

Jumanne, 3 Juni
Nimevaa mkanda wa kiuno, ule laini wa kuvutika. Nikaguna mbele ya Mama Lydie, mwenye depo. Akanipeleka kwa Deborah, fundi wa viungo vya mwili anayetupima sisi wapakiaji wiki hii. Akanibonyeza huku na huku. Akasema mkanda huo unabana tumbo ili kiuno kipate egemeo, na unamkumbusha mtu asiiname ovyo. Ila nisiuvae kutwa, misuli isije ikazoea uvivu. Nirudi kazini. Uvivu! Tena chini ya shati hakuna aliyeuona. Kazi bure.

Jumatano, 4 Juni
Dawa imepatikana! Mwaka jana Shangazi Germaine alianguka na pikipiki, akavunjika pingili moja ya uti wa mgongo. Amepona, korse yake iko juu ya kabati. Si kitambaa hiyo! Plastiki ngumu mbele na nyuma, toka kifuani hadi nyonga. Humzuia mtu kupinda na kujizungusha mpaka mfupa uunge. Shangazi akanionya kwamba ilitengenezwa kwa kipimo cha mwili wake. Kweli. Kifuani pamebaki nafasi mbili. Nimejaza soksi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeingia depo kama askofu siku ya Pasaka, korse juu ya shati. Nikaanza kuguna. Mama Lydie akaniomba mfuko mmoja tu, lori linaondoka. Nitainamaje? Nimefungwa! Nikakunja magoti, nikaukumbatia mfuko kifuani, nikainuka wima kama mlingoti. Deborah, macho kwenye magoti yangu tu, akapiga makofi. "Bandugu, muangalie Adalbert! Njo vile bantu banabeba! Na magoti, hapana mugongo!" Sylvain, aliyekuwa amepinda kama ndoana, akaambiwa anitazame ajifunze. Anitazame mimi!

Ijumaa, 6 Juni
USHINDI! Mimi ni mkuu wa wapakiaji wote. Kofia ya njano! Kila asubuhi nitawaonyesha namna ya kubeba: mifuko ishirini, mbele ya wote. Kiti amepewa Sylvain, kwa sababu Deborah amesema mgongo wake umechoka. Maskini! Sasa anakaa tu kivulini kutwa, akinitazama ninavyotukuzwa. Nikipita analazimika kunisalimia kama mkuu wake, "Bonjour, chef." Anasema huku amekaza meno, lakini anasema.

Jumamosi, 7 Juni
Mfuko wa saba, soksi moja ikachungulia shingoni. Deborah akaivuta. Ikaja na ya pili. Akanivua korse papo hapo, akaniambia kifaa cha mgonjwa si vazi la sherehe. Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Lydie akauliza kama bila plastiki bado najua kubeba. Nikabeba kumi na tatu iliyobaki. Wima! Kofia imebaki kichwani. Korse nimemrudishia shangazi.

Jumapili, 8 Juni
Nimeamka bila maumivu yoyote. Ajabu, mgongo haujawahi kuwa mzima hivi. Hii ni hatari. Baada ya misa nimesikia kwamba Tracy, mwandishi wa risiti wa depo, anaolewa na kuhamia Kipushi. Naye anaacha kiti! Kesho naanza kuchechemea. Mguu wa kushoto, nadhani. Wa kulia nauweka akiba.