Mablanketi ya Ndege ya Haji

Leo nimeaibika uwanja wa ndege, mchana kweupe, mbele ya watu wenye simu. Nahadithia mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Kwa wasionijua: mie Zuhura wa Mpendae, dobi. Nafulia nyumba za wageni za Mji Mkongwe, mashuka na mataulo. Wazazi wetu walipofariki mie ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule, nikashika beseni. Beseni hilo limelea wadogo zangu wawili: limemlea Rukia, limemlea na Haji. Na Haji, kwa taarifa yenu, ni rubani. (Sentensi hii nimeitia kwa makusudi. Nitaitia tena.)

Leseni anayo zamani. Amerusha vile videge vidogo vya Pemba na Mafia, hata nikazoea kuinua kichwa kila kimoja kikipita, povu la sabuni likiwa mpaka viwikoni. Lakini alichokitaka siku zote ni zile ndege nyeupe za kukodi, za matajiri na wakurugenzi, zinazoondoka saa anayoitaka mwenye safari. Huko kijana mgeni hapokelewi kirahisi. Kila alipopeleka maombi aliambiwa akapate uzoefu kwanza, na huo uzoefu hakuna aliyekubali kumpa. Mwishowe kampuni moja ya bara ikamchukua kwa majaribio awe rubani msaidizi, na safari hii ya Unguja ndiyo ya kufungia majaribio. Atakayesema abaki au arudi nyumbani ni rubani mkuu wake, Kapteni Neema, mama wa Arusha mwenye sauti ya chini. Haji humtaja kama tulivyokuwa tukimtaja mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, huku anaangalia nyuma.

Jana ndege ililala hapa. Alasiri Haji akaja nyumbani na sare yake, amebeba mfuko mkubwa.

"Dada, nifulie haya."

Nikafungua. Mablanketi laini kama manyoya ya paka.

"Ya nani?"

"Ya ndege."

"Rubani ndo anabeba nguo chafu?"

Akacheka. Akanieleza kwamba ndege zile hazina mhudumu. Rubani msaidizi ndiye anayepakia mabegi, anayepanga kahawa, anayefuta ngazi, anayeokota makombo ya biskuti chini ya viti. Akishamaliza, ananawa mikono, anaingia mbele na kurusha.

Rukia, mdogo wetu, hakumwachia. "Kwa hiyo umesomea yote yale uje kufanya kazi ya Dada, ila juu."

"Ila juu," Haji akasema, na wala hakuona haya. Kisha akanigeukia. "Dada, yawe safi tu. Usiyatie kitu."

"Nshafahamu."

(Sikufahamu.)

Niliyafua kwa mkono, maji baada ya maji, mpaka yakatoka meupe. Yakakauka kwa upepo. Nikayakunja. Nikayatazama. Nikayaona kama bwana harusi aliyeoga akasahau kujifukiza. Wenzangu wa Unguja mtanielewa. Kwetu nguo iliyofuliwa bila kufukizwa ni kazi iliyoachwa nusu. Wateja wangu wote wa Shangani wanajua mashuka ya Zuhura kwa pua kabla ya macho. Leo nifue blanketi la ndege anayorusha ndugu yangu, nilipeleke likinuka maji matupu?

Nikapindua tenga uani. Chini nikaweka chetezo chenye makaa, juu nikatandaza mablanketi. Nikatoa udi wangu ule mzuri, nilioupika mwenyewe kwa sukari na marashi, ule ninaouweka kwa Idi na harusi. Moshi ukapanda. Nikawa nayageuza upande huu na ule, namsomea Haji dua. Nikaongeza udi. Nikaongeza tena. Mkono ulikuwa mwepesi jana, nikiri tu.

Kisha, ili harufu isipotee, kila blanketi nikalitia katika mfuko wake wa nailoni na kuufunga kwa gundi ya karatasi, hata hewa isipite. Asubuhi Haji akachukua, akanibusu mkono, akaondoka mbio. Hakunusa kitu. Na hata angenusa, sisi kwetu hata ufagio unanukia udi.

Nami nikavaa baibui langu jipya, nikaenda Kiembesamaki, pale kwenye uzio wanapopenda kusimama watu kuangalia ndege. Nilikuta kundi zima: vijana, akina mama waliotoka kusindikiza, muuza karanga. Ile ndege nyeupe imesimama mbali inang'aa. Nikamwona Haji kwa macho yangu. Amepakia mabegi. Amempa mkono bibi mmoja mtu mzima, akampandisha ngazi taratibu kama anampandisha mama yetu. Akafuta ngazi. Akaingia, mlango ukafungwa.

Hapo mie nikashindwa kunyamaza.

"Yule ni ndugu yangu," nikamwambia muuza karanga.

"Yule mbeba mabegi?"

"Yule rubani." (Nilisema nitaitia tena.)

Nikaeleza. Nikaeleza na ambao hawakuuliza. Nikafika mpaka kwenye mablanketi: "Na hayo wanayojifunika humo ndani sasa hivi, nimewafulia mie." Kijana mmoja akaanza kunirekodi, nami nikalitengeneza baibui.

Ndege ikaanza kutembea kuelekea njia ya kurukia. Nikainua mikono kuomba dua. Ikasimama.

Nikangoja. Injini zikanyamaza. Mlango ukafunguka. Mara gari la zimamoto hilo, na king'ora, na la pili nyuma yake, yanakimbilia ndege ya Haji.

Kilichonitoka kinywani sikumbuki vizuri, lakini kijana wa simu anacho. Najua niliishika ile senyenge ya uzio nikaitikisa. Najua nilisema kampuni imempa mtoto wangu ndege bovu. Nikasema mayatima hawana mtetezi. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba watu wa bara wana roho ngumu, na wawili kati ya walionishika mabega nisianguke walikuwa wa bara. Muuza karanga akanifungulia chupa yake ya maji, akaninyunyizia usoni.

Abiria wakashuka, akashuka Haji, akashuka Kapteni. Wazima. Nikakaa chini mchangani na baibui langu jipya, nikalia kwa furaha.

Ndipo simu ikalia. Haji.

"Dada, uko wapi?"

"Nipo hapa uzioni. Alhamdulillahi, baba. Si nimesema ndege lile bovu?"

Akauliza polepole, "Dada, mablanketi uliyatia nini?"

Watu wangu, hapo ndipo nilipoukumbuka udi.

Mlinzi akaja kunichukua langoni, akanipeleka katika chumba kidogo wanachokaa wageni wa ndege za kukodi. Wote wamo. Abiria na mikoba yao. Zimamoto na kofia zao, kofia zile nzito, jasho linawatiririka. Haji kasimama wima ukutani kama aliyekosa. Kapteni Neema kakaa, na mbele yake juu ya meza limetandazwa blanketi langu. Zimamoto wanapokezana kuliinamia na kulinusa, mmoja baada ya mmoja.

"Nyinyi ndo mliofua hili?" akaniuliza mkubwa wao.

"Naam."

"Mmelichoma?"

"Nimelifukiza."

Akawageukia wenzake. "Sikwambieni? Hii harufu ya kwetu." Na mmoja wa nyuma, kijana wa hapa hapa mjini, akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka kwa adabu.

Kapteni akaniomba nieleze. Nikaeleza yote, tenga, chetezo, udi wa sukari, huku naangalia vidole vya miguu yangu. Naye akanieleza kwa upole kilichotokea. Ndege ilikuwa inatembea, kiyoyozi kinapuliza, abiria wakaona baridi, wakaifungua mifuko. Kiyoyozi kikaichukua harufu na kuigawa ndege nzima mpaka mbele. Na rubani, akasema, akisikia harufu ya kitu kilichoungua hakai kukisia.

Yule bibi mtu mzima akadakia kutoka pembeni. Alikuwa bado amejifunika blanketi lake, hataki kulitoa.

"Mimi niliwaambia huu si moto, huu udi. Hawakunisikiliza. Umeupika wewe, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Nimeupika mie."

"Marahaba. Umeupatia. Ila umezidisha."

Kicheko kikapasuka chumba kizima. Kijana wa zimamoto alitoka nje kabisa. Waliobaki hawacheki ni mie, Haji na Kapteni, na mie sikuwa najali tena uso wangu. Nilikuwa natazama ule ukuta alipoegemea Haji. Miaka yote ile ya beseni, na mie mwenyewe ndiye niliyekuja kumwangusha, siku ya mwisho, kwa mkono wangu.

"Kapteni," nikasema, "kosa langu. Yeye alinikataza. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mie." (Nifukuzwe kazi ipi, hata sijui.)

Kapteni akamwita Haji.

"Haji, nani alisema tusimame?"

"Mimi, Kapteni."

"Harufu ile hukuijua?"

"Nilihisi naijua. Nilihisi ni udi wa Dada."

"Sasa kwa nini usiseme ni udi, tukaondoka zetu?"

"Kwa sababu nilihisi tu. Sikuwa nimeona."

Kapteni Neema akalikunja blanketi lililokuwa mezani.

"Nimefanya kazi na watu wazima," akasema, "ambao wangeona aibu kusimamisha ndege ya tajiri kwa harufu ya nyumbani kwao." Akanyanyuka, akavaa kofia. "Toa mablanketi yote. Fungua milango, ndege ipigwe upepo. Tunaondoka."

"Na mimi, Kapteni?"

"Ukibaki wewe, nani atapakia mabegi?"

Haji akacheka, nami nikalia tena, mara ya pili leo, mbele ya zimamoto wale wale.

Wameondoka salama. Nimewaangalia kutoka uzioni, nyuma kabisa, nimejifunika uso kwa mtandio, na muuza karanga kanifinyia jicho. Bibi kaondoka na blanketi lake, katia katika mkoba, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Jioni hii Haji amepiga kutoka Dar. Amechukuliwa. Si majaribio tena, ni rubani msaidizi kamili. Nilimpigia kigelegele simuni mpaka akaniomba nipumue.

Kisha Haji akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekanyaga taratibu, kwamba Kapteni anamsalimia sana Dada, anamshukuru kwa malezi, na kuanzia leo mablanketi yatafuliwa Dar.

Basi. Nyumba yetu leo imepata rubani na imepoteza mteja, siku moja. Atakayecheka asilete mashuka yake kwangu. Nitayafua bila udi.