Jina Nililosahau Kulifuta

Leo nimeumbuka. Si kule kuumbuka kwa kuteleza dukani mbele za watu, ukainuka, ukajipangusa, ukaendelea na safari. Aibu hii haipanguswi.

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini hapa Doha, na kwa mtandao nasomea shahada ya pili katika chuo kikuu cha nje. Kundi letu lilipewa kazi ya kutengeneza somo la uhalisia pepe, la kuwafundisha watu wa chuo kuwapokea wanafunzi trans, yaani wanaoishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Unavaa ile miwani mizito, unajikuta darasani, na wewe ndiye mwanafunzi trans. Mwalimu anaita majina. Anakuita kwa jina lako la zamani, la kiume, na darasa zima linageuka.

Kisa chenyewe ni cha Shiro, mwenzangu kwenye kundi, anayeishi Nairobi. Tulisoma naye diploma Eldoret. Siku ya kwanza alipokuja amevaa sketi, mwalimu aliliita lile jina na darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilicheka pia. (Ndiyo, mimi huyu huyu.) Miaka baadaye nilimwomba msamaha, akanisamehe, akatupatia kisa chake tukitumie. Aliweka sharti moja tu, kwamba lile jina lisisikike tena. Tuweke lingine lolote.

Rahisi, sivyo? Lakini wakati wa kujaribu sauti nilihitaji jina la kujazia. Vidole vikaandika lile vililolizoea. Nikasema nitabadilisha kesho. (Mafundi wenzangu mnaijua hiyo kesho.)

Leo mchana ilikuwa zamu yetu ya kuwaonyesha wahadhiri kwa video, Shiro naye akifuatilia kutoka Nairobi. Nikasimama katikati ya chumba chetu mtaani Najma, kati ya friji na vitanda vya ghorofa, miwani usoni. Dada Mwanaidi wa Tanga, tunayeishi naye, alikuwa amelala baada ya kazi ya usiku hotelini. Nikaanza kwa kujigamba. Nikawaeleza kuwa somo hili halizimiki katikati, kwa sababu Shiro siku ile hakuwa na kitufe cha kuzima. Mwalimu ataita mpaka uitike. Profesa akalisifia wazo hilo, nami nikavimba kichwa.

Mwalimu akafungua daftari. Akaita lile jina. Lote, mpaka la baba.

Nikapapasa kutafuta kitufe cha kuzima (nilichokiondoa mwenyewe, kwa fahari). Mwalimu akaita tena. Nikajaribu kuvua miwani, rasta zangu zikanasa kwenye mkanda. Nikarudi nyuma, nikageuka, paji la uso likakutana na kitanda cha juu. Mwalimu akaita mara ya tatu, kwa upole uleule, spika ikiwa juu kabisa.

Dada Mwanaidi akaamka. "Huyo anayeitwa si aitike tu, jamani, wengine tulale!"

Wahadhiri wakasikia. Wakacheka, wote. Shiro sikumsikia.

Sikuwa na njia nyingine. Nikasema, "Nipo."

Sauti ikanyamaza. Darasa nililolichora kwa mkono wangu likageuka kunitazama, nyuso zote, na aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona. Na mimi nilikuwa naigiza tu.

Nilipofaulu kuvua miwani, Shiro alikuwa ameshatoka kwenye mkutano. Profesa akasema kazi imemgusa, hasa pale pa jina, maana lilisikika kama jina la mtu wa kweli. Tumepata alama za juu kuliko makundi yote. Nilitamani tungefeli.

Nikampigia Shiro mara nne bila kujibiwa. Ya tano akapokea.

"Wamecheka tena, Nafula," akasema. "Na safari hii ni wewe uliyeita."

Akakata. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Jina nimelifuta. Nimelifuta kila mahali, hata kwenye nakala za akiba, nikalitafuta tena kuhakikisha. Dada Mwanaidi kanipa barafu ya kukandia uso, akaniuliza yule aliyekuwa akiitwa ni nani hasa. Nikamwambia hakuna mtu wa jina hilo.

Basi, mkitaka kucheka, nichekeni mimi na nundu yangu. Jina msiniulize.